Chuma kimehamia Ugweno: shajara ya gemu la Mlima

Jumamosi, 1 Februari 2025. Toleo 0.1

Watoto wameingia leo kwa mara ya kwanza. Walikuwa wanane: simu sita, na kompyuta mbili za steshenari ambazo siku za kazi zinachapa barua za maombi na mikataba ya vyumba. Seva nimeiweka kwenye kompyuta ya mezani iliyo chini ya kaunta. Rauta haina bando na haihitaji bando. Mtoto akishika tu wifi ya duka anaingia mlimani na kuwakuta wenzake. Hiyo ndiyo sababu kubwa ya kuchagua Luanti, programu ya kutengeneza magemu ambayo dunia yake yote ni bloku, vijisanduku vya kuchimba na kujengea, ile iliyojulikana kama Minetest hadi Oktoba 2024. Ni ya bure, inakubali hata simu ya Android iliyochoka, na sheria za gemu unajiandikia mwenyewe kwa Lua, lugha ya programu iliyotoka Rio de Janeiro mwaka 1993 na isiyo na makuu.

Ramani ni mlima wetu, Kilimanjaro. Kwa kimo, mita 10 za kweli ni bloku 1, hivyo Kibo yenye mita 5,895 imekuwa kama bloku 590. Kwa upana nimeubana zaidi, la sivyo mtu angetembea mpaka duka lifungwe. Chini kuna tambarare ya Kahe, kisha ukanda wa migomba, msitu, vichaka, jangwa la mawe, na juu kabisa barafu. Kusini-mashariki nimechomeka vilima vya Upare, kwa kupenda tu, maana havikuwa na kazi yoyote.

Kosa liko kwenye madini. Nilinakili namba nilizozizoea: fungu moja la chuma kwa kila bloku 8×8×8 za jiwe, mahali popote penye jiwe. Luanti huzalisha dunia kwa vipande vya bloku 80 kila upande, yaani bloku 512,000 kwa kipande. Gawanya kwa 512. Kipande kikiwa jiwe tupu, kina mafungu 1,000 ya chuma.

Saa moja na nusu baadaye nikapita nyuma ya kila mmoja kuangalia kioo chake. Mashimo manane. Kila mtoto yumo ndani ya shimo lake, ana mwenge wake, tanuru lake na sururu yake ya chuma, na hajui jirani yake yuko wapi. Mpwa wangu, ambaye ndiye aliyenisumbua mwezi mzima nimtengenezee gemu la mlima, alikuwa bado hajauona mlima. Nilipomwuliza akajibu bila kuinua macho, "Mjomba, huko juu kuna nini cha kufuata?"

Sikuwa na jibu.

Jumamosi, 8 Februari. Toleo 0.2

Nimebadilisha 8×8×8 kuwa 20×20×20. Fungu moja kwa bloku 8,000, yaani mafungu 64 pale palipokuwa na 1,000. Nikawaita watoto kwa mbwembwe. Wakacheza, na hakuna aliyeona tofauti. Nikakaa dakika arobaini nasoma msimbo mstari kwa mstari nikitafuta mkato uliokosekana. Haukukosekana. Dunia ile ilishazaliwa wiki iliyopita, na kipande kikishazaliwa kinahifadhiwa kama kilivyo. Namba mpya inahusu vipande ambavyo mguu wa mtu haujafika.

Kuna amri ya kufuta vipande vizaliwe upya. Nikaipiga kwa eneo lote la katikati, na ikatii. Ilifuta mashimo, ikafuta na nyumba ya ghorofa mbili ya binti wa jirani, yenye masanduku manne na mikate 99 ndani ya sanduku moja. Yeye alikuwa amesimama mlangoni. Akageuka aingie ndani, akakuta msitu.

Soda mbili, maandazi, na ahadi mbele ya wote: nikigusa madini naanzisha dunia mpya, ya zamani inabaki kama ilivyo. Binti amekubali, ila ameniambia, "Anko, wewe ungekuwa fundi wa kweli ungebomoa kwako kwanza."

Jumamosi, 15 Februari. Toleo 0.2, dunia mpya

Sasa uadimu umefanya kazi yake, na ndio nimeuona ubaya wake.

Nilidhani chuma kikiwa haba watoto watatoka kukitafuta. Hawakutoka. Walichimba pale pale, kwa muda mrefu zaidi. Uadimu wa kusambaa sawasawa haumwambii mtu aende wapi. Unamwambia aongeze mikono. Shimo la Pasua (namwita hivyo mtoto anayetoka Pasua) lilikuwa mfereji mnyoofu wa bloku mia tatu na ushee, upana bloku moja. Kwenye kioo ni jiwe la kijivu linavunjika, jiwe la kijivu linavunjika. Wawili waliaga saa tisa wakaenda kucheza mpira. Mmoja alilala na simu mkononi, na mchezaji wake akabaki amesimama gizani kama mlinzi wa benki.

Nimefikiria walichofanya Minecraft, gemu maarufu la bloku, kwenye toleo la 1.18, la tarehe 30 Novemba 2021. Kabla ya hapo mchezaji alishuka mpaka tabaka la 11 hivi, akanyoosha mfereji, akapata karibu kila kitu, kama mtoto wangu wa Pasua. Wakaishusha sakafu ya dunia mpaka -64 na kupandisha dari mpaka 320, kisha kila madini wakayapa kimo chake. Shaba imejaa karibu na 48. Chuma kinazidi karibu na 16, halafu kinarudi tena juu milimani kwenye 232. Almasi zinaongezeka kadiri unavyokaribia chini kabisa. Hakuna tena tabaka moja lenye yote. Lazima uamue leo unafuata nini. Ni kazi nzuri, na niliicheza sana.

Lakini kwangu haitatosha. Kimo ni kimo, bado ni shimo chini ya nyumba yako, limerefushwa tu. Mimi nataka watu watembee.

Jumamosi, 22 Februari

Kesho ni Kili Marathon, mji umejaa wakimbiaji, nimefunga duka mapema nikapanda Old Moshi kwa mama. Nilibeba simu nimwonyeshe gemu. Akavaa miwani, akaangalia wale watoto wa bloku wanazunguka kwenye migomba, akasema, "Sasa hawa mbona hawasalimiani?"

Nikamweleza habari ya mashimo. Akacheka. "Kwa nini wasalimiane, kama kila mmoja ana kila kitu kwake?" Halafu, huku anachambua maharage, akaanza habari za majani. Kwenye kihamba, shamba la nyumbani, kuna migomba, kuna kahawa, ng'ombe yumo zizini anakula, lakini majani ya kumtosha hayapo. Yako chini, porini, kwenye joto. Ng'ombe asipokula hakuna samadi, na bila samadi mgomba unatoa mkungu wa aibu. Kwa hiyo wanawake walishuka na ndizi kichwani na kupanda na majani kichwani, na kote huko hakuna mteremko wa bure. "Habari zote tulizipata njiani," akasema. "Nani kaolewa, nani kafa, nani ana ng'ombe wa maziwa. Nyumbani ungesikia nini?"

Nilikuwa nayajua haya. Nimeyapita kwa miguu nikiwa mdogo, nikibeba mzigo wangu wa saizi yangu na kunung'unika. Ila sikuwahi kuyaona kama mchoro wa gemu. Chuma nacho hakikuwa cha mlimani. Wachagga walikipata kwa Wapare wa Ugweno, waliojua kuyeyusha, na wahunzi wa huku wakakifua. Kule Mamba bado wapo wanaofua mpaka leo. Magadi yalitoka tambarare za Wamasai, upande wa Ziwa Natron. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichokuwa adimu. Ugweno chuma kilikuwepo, Natron magadi yamejaa mpaka ziwa linabadilika rangi. Vilikuwa mbali tu na wale wanaovihitaji.

Nimeshuka na daladala ya mwisho. Nimeandika karatasi nzima kwa nyuma ya risiti.

Ijumaa usiku, 28 Februari. Toleo 0.3

Kwa ajili ya kumbukumbu, hivi ndivyo nilivyopanga.

Chuma hakipo mlimani tena. Kipo kwenye vilima vya Upare peke yake, ndiyo Ugweno yangu, na huko kipo tele: nimerudi kwenye 8×8×8. Luanti inaruhusu kufunga madini ndani ya ukanda mmoja wa mazingira, kwa hiyo ilikuwa mstari mmoja wa msimbo. Ndani ya vilima nimetumia hesabu za Perlin ili kisisambae sawasawa bali kiwe na mabaka, hapa kimejaa, pale hakuna kitu. (Ken Perlin ni yule Mmarekani aliyepewa tuzo ya ufundi na wenyewe wa Oscar mwaka 1997 kwa hesabu hiyo. Tangu nijue hilo najisikia mtu wa sinema kila ninapobadilisha desimali.)

Ndizi ni za ukanda wa migomba, ila mgomba usiotiwa samadi unazaa ndizi mbili. Samadi inatoka kwa ng'ombe, ng'ombe anakula majani, majani yako Kahe. Mbao ngumu ziko msituni. Magadi yako mbali kaskazini-magharibi, nayo yanaivisha maharage kwa nusu ya muda na kuni kidogo.

Halafu hesabu ya miguu, ambayo naona ndiyo moyo wa toleo hili. Mchezaji wa Luanti anatembea bloku 4 kwa sekunde. Siku nzima ya gemu, usiku na mchana, ni dakika 20 za kweli. Kutoka migombani hadi Kahe nimeweka bloku 900: sekunde 225, chini ya dakika nne. Unashuka na kupanda kabla jua halijazama, kama mama. Lakini migombani hadi Ugweno nimeweka bloku 2,000, dakika nane na sekunde 20 kwenda, na kurudi vivyo hivyo. Mchana hautoshi. Giza litakukuta njiani na nimeweka fisi.

Nilitaka kwanza kuandika 1,500. Hiyo ungewahi kurudi ukikimbiakimbia. 2,000 huwahi, hata ufanyeje.

Jumamosi, 1 Machi. Toleo 0.3

Saa ya kwanza ilikuwa kelele na malalamiko. "Anko chuma umekificha!" Nikawaambia hakijafichwa, ulizeni. Mpwa wangu akapanda juu ya mti kuangalia, akaona vilima vya Upare, akasema vile lazima vina kitu maana mjomba hawezi kuchora kitu cha bure. (Angejua.)

Wakaenda wanne pamoja kwa sababu ya fisi. Watatu walifika. Wakakuta chuma kinametameta usoni mwa mwamba, hata kuchimba hakuhitajiki, unabandua tu. Wakajaza mikoba. Halafu njaa ikaanza kuwauma, na Ugweno yangu haina hata mgomba mmoja. Hapo mmoja akafanya jambo ambalo sikuliandika kwenye msimbo wowote: akapiga kelele dukani, si kwenye gemu, dukani kabisa, "Nani ana ndizi? Natoa chuma!"

Binti wa jirani, yule wa nyumba niliyoifuta, alikuwa na ndizi 40. Alikuwa amepata samadi kwa kubadilishana na wa Kiboriloni anayefuga. Akauliza, "Chuma ngapi?"

"Kimoja kwa ndizi sita."

"Sita? Wewe una njaa au una utani? Mbili."

"Nne, na uje nazo huku."

"Siji huko. Tukutane katikati."

Wakakutana penye kijito, kama bloku 1,100 kutoka migombani, kwa sababu tu hapo kuna mti mkubwa unaoonekana pande zote mbili. Akaweka sanduku. Baada ya dakika kumi akaweka la pili. Pasua akaleta magogo ya msituni. Wa Njoro akajenga kibanda cha kulala, vitanda vinne, na kuandika kwenye kibao: GESTI NDIZI 2 KWA USIKU. Saa kumi jioni pale kwenye kijito palikuwa na watu sita kati ya wanane, wanapiga soga huku wamesimama bega kwa bega kwenye simu na bega kwa bega dukani. Wamepaita Mbuyuni, ingawa mti wenyewe nilioweka ni mkuyu.

Mimi sikuweka soko. Niliweka bloku 2,000 na fisi.

Jumamosi, 8 Machi

Mfungo umeanza, watoto wanne hawapo mchana. Waliobaki tulianza saa nane, umeme ukakatika saa nane na robo, ukarudi usiku. Dunia imesalimika. Basi.

Jumamosi, 15 Machi. Toleo 0.4

Nimeongeza maji. Mgomba sasa unataka maji karibu yake, na maji yako juu, kwenye vijito vya msituni. Mawazo yangu yalikuwa mifongo: wachimbe mfereji wa kuteremsha maji mpaka vihambani kama walivyofanya wazee, kila mtu na zamu yake, na aliye juu awe na sababu ya kuelewana na aliye chini. Nilikuwa nimeshajipongeza kabisa.

Wa Njoro akatengeneza ndoo. Akachota maji mara mbili mtoni, akashuka nayo, akachimba vishimo vitatu mfululizo, akamwaga cha kwanza na cha tatu. Katikati pakajaa maji yenyewe. Akachota pale katikati, pakajaa tena. Akachota, pakajaa. Ana chemchemi isiyokauka uani kwake kwa gharama ya ndoo moja, na kufika jioni kila kihamba kina yake. Mfongo uliochimbwa ni mmoja, bloku tisa, umeachwa.

Kosa si lake. Maji ya kawaida ya Luanti yana tabia hiyo: vyanzo viwili vikiwa jirani na nafasi, nafasi inakuwa chanzo cha tatu. Kipo kipengele cha kuizima. Nimekizima kwa maji yote, usiku huu huu, na nimefanya maji ya ndoo yakimwagwa yanyweshe shina moja tu. Nimekiandika hapa kwa sababu nilikuwa nimepanga umbali vizuri sana, na kitu kimoja kisichokwisha kikaufuta wote. Kabla sijaongeza kingine chochote, nijiulize kwanza kama kinaweza kuzaana kwenye ndoo.

Jumamosi, 22 Machi. Toleo 0.5

Tanzanaiti. Walikuwa wanaidai tangu mwanzo, na kwa mtu wa huku ni haki yao. Kwenye dunia ya kweli, jiwe hilo linachimbwa Mirerani peke yake, kieneo chenye urefu wa kama kilomita 7 na upana wa kama kilomita 2, tangu lilipogunduliwa mwaka 1967. Nikasema nitafuata ukweli: baka moja tu duniani kote, bloku 40 kwa 20, magharibi ya tambarare. Kazi yake ni taa isiyozimika na isiyosogelewa na fisi. Kila mtu anaitaka.

Aliyeligundua baka ni wa Kiboriloni, wakiwa na mdogo wake. Hawakusema. Ila kila aliyepita Mbuyuni aliwaona wananunua mawe. Mawe! Kitu ambacho kila mtu anatupa. Walinunua mawe kwa masanduku, wakalipa vizuri, watu wakawacheka. Baada ya saa moja kulikuwa na ukuta wa bloku tatu kwenda juu kuzunguka baka zima, mlango mmoja, na mdogo mtu amesimama mlangoni na upanga.

Kiingilio chuma kumi. Wengine wakaja kwangu kushtaki. Nikamwita mwenye ukuta nikamwuliza ndiyo nini hii. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa jambo la wazi. "Anko, hata Mirerani kuna ukuta."

Upo kweli, wa kilomita 24.5, ulizinduliwa Aprili 2018, na serikali ilikuwa na sababu zake za kuzuia utoroshaji wa mawe. Nikakosa la kumjibu. Nilichomwambia ni kwamba muda wa kufunga duka umefika, ilhali ilikuwa saa kumi na moja kasoro.

Jumatano, 26 Machi. Usiku

Siku nne nafikiria ukuta. Njia rahisi ni kukataza kujenga pale. Sitaki, nikishaanza kukataza, gemu linakuwa mimi na filimbi. Njia ya pili ni kutawanya tanzanaiti kote, na hapo ninarudi kwenye toleo 0.1, mashimo manane yenye taa nzuri.

Tatizo la baka moja kumbe si umoja wake. Chuma nacho kiko Ugweno peke yake na hakuna aliyeweza kukizungushia ukuta, na leo nimejua kwa nini: anayekaa Ugweno analala njaa. Lazima afungue. Baka la tanzanaiti nililiweka tambarare, kando ya majani, mwendo wa dakika tatu kutoka Mbuyuni. Mwenye ukuta hahitaji mtu.

Kwa hiyo nimefanya mambo mawili. Nimelihamisha liwe mbali na chakula. Na mwamba wake nimeupa tabia ya mchanga: ukitoa bloku ya chini, za juu zinaporomoka, labda uwe umeweka gogo la mbao ngumu chini yake. Mbao ngumu ni za msituni, na msituni wanakaa watu wengine. Ukuta na ajenge akitaka.

Jumamosi, 29 Machi. Toleo 0.6

Amejenga. Kufika saa tisa amekaa ndani ya ukuta wake hana gogo hata moja, mkungu wa mwisho ameshakula, na Pasua, mwenye msitu, anamwambia kwa utulivu mkubwa kwamba magogo yapo, ila wapitishe na wao wachimbe. Wamebomoa upande mmoja. Upande wa pili umebaki, wanautumia kukinga fisi.

Leo alikuja pia mtoto mgeni, wa darasa la tano, hajawahi kucheza. Alizaliwa pale pale nilipoweka tangu mwanzo, katikati ya migomba, na migomba yote ina wenyewe. Alitangatanga dakika kumi na tano, akauawa na fisi mara tatu, akanirudishia simu kwa adabu. "Asante Anko, ni nzuri." Hiyo "ni nzuri" imeniuma kuliko malalamiko yote ya mwezi huu.

Sisi wengine tulianza siku moja, na vitu vilikuwa havina wenyewe. Anayekuja wiki kadhaa baadaye anaingia dunia iliyokwisha kugawanywa. Niliwaza nimpe mgeni begi lenye chuma na mikate, nikaona huko ni kumrudisha kwenye shimo lake, hahitaji mtu. Nimefanya hivi: mgeni azaliwe Mbuyuni, penye watu, na kila soko liwe na mzigo unaohitaji miguu. Ukibeba sanduku la mtu mpaka Ugweno unalipwa upande wa pili. Mgeni hana mali, lakini miguu anayo, na bloku 2,000 ni zile zile kwa kila mtu.

Jumamosi, 12 Aprili. Toleo 0.7

Mvua za masika zimebana, barabara ya kwetu ni tope, ila wamekuja kumi na mmoja. Yule mgeni amerudi baada ya mpwa wangu kumfuata kwao. Alibeba mizigo minne, wa nne akatoroka nao. Ndizi 60. Mbuyuni wakakaa kikao, kikao hasa, wakamfungia gesti. Amelipa nusu na nusu ataitumikia.

Mifongo imechimbwa miwili tangu ndoo ishindwe. Mmoja unapita vihamba vitatu, na wa chini kabisa analalamika kila Jumamosi kwamba maji hayamfikii. Nilikwenda kuangalia: wa katikati ameweka bloku moja ya udongo, usiku anaitoa, mchana anairudisha. Sijasema kitu.

Njia ya Ugweno sasa imewekwa mienge mwanzo mpaka mwisho. Kwa hiyo fisi hawatishi tena, na gesti ya wa Njoro haina wateja. Amenifuata ananiambia niongeze fisi. Wabebaji mizigo wananiambia nikiongeza fisi hawaji.

La magadi bado. Wiki sita, na hakuna aliyekanyaga kaskazini-magharibi. Nimeuliza, wakasema maharage yanaiva hata bila magadi, kuni zipo, ya nini kwenda mbali hivyo. Wana haki. Niliweka umbali, nikasahau kuweka uhitaji. Wiki ijayo kuni za karibu zitachukua muda zaidi kuota baada ya kukatwa. Nitaanza na siku tano za gemu kwa mti badala ya mbili. Na ng'ombe atataka kulamba magadi ndipo atoe maziwa. Mama ndiye aliyenikumbusha hilo kwa simu, kisha akauliza kama siku hizi wanasalimiana.

Dunia ya zamani naiacha ilipo. Nimeweka nakala kwenye flashi, nakala ya pili iko kwa binti wa jirani, ambaye amesema hizo za kwangu hana imani nazo.